Barua za Chama Zikae Chamani
Hotuba kwa makatibu na wahasibu wa vyama vya ushirika vya msingi

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, ndugu makatibu na wahasibu, ndugu wajumbe wa bodi mliofuatana nao, asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa muda huu kabla ya chakula cha mchana nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mnalihesabu kuwa ni la fundi: namna ya kuiweka barua pepe ya chama kwenye programu ya barua ndani ya kompyuta ya ofisi. Hatua zote nitazionyesha, na mashine ziko mbele yenu. Ila naomba mnivumilie kidogo niseme kwanza kwa nini nimekuja. Barua za chama ni mali ya wanachama, na zilistahili kuandikwa kwenye daftari la mali pamoja na mizani na ghala. Leo hii, katika vyama vingi ninavyovitembelea, mali hiyo imo kwenye simu ya mtu mmoja.

Kuna chama kimoja, jina nitalihifadhi, katibu wake aliondoka baada ya uchaguzi. Hakukuwa na ugomvi wowote. Mume wake alihamishwa kikazi naye akamfuata. Anwani ya chama ilikuwa imefunguliwa kwa jina lake, kwa namba yake ya simu, na ilikuwa ikisomwa kwenye simu yake tu. Simu ikaibiwa stendi, laini ikaachwa mpaka ikafungwa. Mkaguzi alipofika akaomba mawasiliano na mnunuzi kuhusu kahawa iliyoshushwa daraja. Hakuna aliyeweza kuyafungua. Wazee waliokuwa wakisubiri malipo ya pili wakajibiwa kwa maneno matupu, kwa sababu maneno yaliyoandikwa hayakuwapo. Jambo lile liliniumiza, na ndilo lililonifanya nianze kusisitiza kila ninapopewa nafasi kwamba kusanidi barua pepe ni kazi ya bodi kabla haijawa kazi ya fundi.

Sasa, mtu atauliza: kivinjari kinatosha, tunafungua Gmail tunasoma, programu ya nini tena? Kivinjari ni kizuri siku mtandao ukiwa mzuri. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Ofisi iliyokuwa ikisoma barua kwenye kivinjari peke yake haikuweza hata kuangalia barua ya mwezi uliopita. Iliyokuwa na programu ya barua kwenye kompyuta ilisoma barua zake zote za zamani, ikatafuta mkataba, ikaandika majibu, na majibu yale yakakaa kwenye kikasha cha kutoka yakisubiri mtandao urudi. Na huko vijijini mnakotoka nyie hakuhitajiki waya wa baharini kukatika. Mvua kubwa moja inatosha, au bando kuisha katikati ya mwezi.

Programu nitakayoitumia leo ni Thunderbird. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakueni kwenye tovuti yake yenyewe, thunderbird.net, msiichukue kwenye tovuti za kugawa programu ovyo. Wenye Outlook ya kulipia, programu ya barua ya Microsoft, hawana haja ya kuhama. Mambo ni yaleyale, vitufe tu ndivyo vinakaa mahali pengine. Na wale mliozoea ile programu ndogo ya barua iliyokuja na Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia Desemba 31, 2024, kwa hiyo ikigoma msiilaumu mashine.

Ukiifungua Thunderbird kwa mara ya kwanza inakuuliza mambo matatu: jina lako kamili, anwani ya barua pepe, na nywila. Watu wengi hupita hapa mbio. Tusimame kidogo kwenye jina. Nimekuta kompyuta za vyama zimeandikwa “Admin”, nyingine “HP”, nyingine jina la kijana wa duka la vifaa aliyeisanidi. Jina hilo ndilo atakaloliona ofisa wa benki, ndilo atakaloliona Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika, ndilo atakaloliona mnunuzi aliyeko Hamburg ambaye hajawahi kuwaona na hana kitu kingine cha kuwajua nacho. Andikeni jina la chama kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, na cheo mkitaka: Katibu, kisha jina la chama. Katibu akibadilika, jina linabaki.

Anwani yenyewe, kwa chama chenye uwezo, ni vizuri ikawa na jina la kikoa cha chama, yaani linaloishia na .or.tz au .co.tz. Kwa wasio na uwezo huo, Gmail inafaa, mradi ifunguliwe kwa jina la chama na kwa laini ya simu ya chama. Nitalirudia hilo la laini baadaye.

Mkishaandika hayo matatu na kubonyeza kitufe cha kuendelea, programu inakwenda kutafuta. Mozilla wana hazina ya mipangilio ya watoa huduma wengi wa barua, kwa hiyo ukiandika anwani ya Gmail au Yahoo, inajua yenyewe seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayoshughulikia barua, ya kupokelea ni ipi na ya kutuma ni ipi. Kwa anwani ya kikoa chenu, isipokuta kitu kwenye hazina hiyo, itajaribu kubahatisha. Mara nyingi inapatia. Halafu inawaletea swali moja ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha shughuli yote: IMAP au POP3? Hizo ni njia mbili za programu kuchukua barua kwenye seva.

Nimeona mafundi wakichagua POP3 kwa mazoea, bila kumuuliza mwenye ofisi. Na mwenye ofisi hajui kama kuna kitu kimechaguliwa.

POP, ambayo POP3 ni toleo lake la tatu, ilianza mwaka 1984, enzi ambazo kompyuta iliunganishwa kwa simu kwa muda mfupi, inachukua barua zake, inakata. Kwa wakati ule ilikuwa na maana kabisa. Ni kama kwenda posta kufungua sanduku, ile S.L.P. ya chama, ukabeba barua zote ukaondoka nazo: anayekuja nyuma yako na ufunguo wa pili anakuta sanduku tupu, na ajali ikikupata njiani na barua zimekwenda. IMAP ilianzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Wazo lake ni kwamba barua zibaki kwenye seva, na kila mashine yenye ruhusa izione zikiwa katika hali ileile. Mhasibu akisoma barua ofisini, kwenye simu ya mwenyekiti inaonekana imeshasomwa. Katibu akiihamishia kwenye folda ya “Pembejeo”, kila mtu ataikuta kwenye Pembejeo. Na barua iliyotumwa inahifadhiwa kwenye seva pia, kwa hiyo swali la “hivi tuliwajibu?” lina jibu popote ulipo.

Fundi anaweza kuwaambia kwamba hata POP3 ina alama ya kuacha nakala kwenye seva. Ni kweli, ipo. Lakini barua mlizotuma zitabaki kwenye ile mashine moja iliyozituma, na folda mlizopanga kwa jasho hazitaonekana kwingine. Kompyuta ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, na hili linatokea kwetu, nusu ya mazungumzo ya chama imeondoka: nusu ile mliyoisema nyie. Kwa ofisi yenye watu zaidi ya mmoja, chagueni IMAP. Anayewashauri vinginevyo awaeleze sababu mkiwa mmekaa wote.

Kuna tahadhari mbili za IMAP ambazo siwezi kuzificha. Ya kwanza ni bando. Thunderbird, usipoigusa, inashusha barua zote za folda zote ili uweze kuzisoma bila mtandao. Anwani yenye miaka mitano ya viambatanisho itamaliza bando la ofisi kabla ya saa sita mchana. Ingieni kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, muiambie ishushe barua za siku za karibuni tu, au isishushe barua inayozidi ukubwa fulani mpaka mtu aifungue. Kwa Gmail, ile folda yenye barua zote kwa jumla ina nakala za barua zilezile zilizo kwenye folda nyingine. Ondoeni alama yake kwenye orodha ya folda za kushushwa. Mkipata siku ya mtandao mzuri, hapa mjini kwa mfano, ndipo muiache ishushe kila kitu.

Ya pili: kwa kuwa seva na mashine zote zinafuatana, anayefuta amefuta kote. Mjukuu wa mwenyekiti akichezea simu akafuta barua thelathini, ofisini nako zinaondoka. IMAP inawapa wote kuona kitu kimoja. Akiba, yaani nakala za barua zinazotunzwa pembeni, ni kazi nyingine, nitaifikia.

Tuje kwenye namba. Kama programu haikupatia yenyewe, mtaijaza kwa mkono, na namba ni chache. Seva ya kupokelea kwa IMAP: mlango (port) namba 993, ulinzi wa SSL/TLS, yaani ule unaoficha maneno yanapopita mtandaoni. Seva ya kutuma, inayoitwa SMTP: mlango namba 465 kwa SSL/TLS, au 587 kwa STARTTLS, ulinzi wa aina hiyohiyo. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na vinavyofuata. Watoa huduma wengi hawakubali kipande cha mbele peke yake. Mkiambiwa tumieni 143 au 110 bila ulinzi wowote, kataeni. Huko nywila inapita mtandaoni ikiwa uchi, na mwaka 2018 IETF, chombo kinachoandaa kanuni za intaneti, kilitoa waraka wa kutaka njia hiyo iachwe. Mlango namba 25 nao ni wa seva kuzungumza na seva. Makampuni mengi ya mtandao yameufunga kwa wateja wa kawaida. Ukiona barua zinaingia vizuri lakini hazitoki, anza kuangalia hapo. Halafu angalia kama seva ya kutuma imewekewa jina la mtumiaji na nywila, maana wengi hujaza upande wa kupokea wakasahau wa kutuma.

Wenye Gmail, nyie kuna jambo lenu. Tangu Mei 30, 2022 Google hawaruhusu tena akaunti za kawaida kuingia kwenye programu ya nje kwa jina na nywila pekee. Njia inayotumika inaitwa OAuth2. Litafunguka dirisha la Google lenyewe, mtaingia hapo, litauliza kama mnairuhusu Thunderbird isome na kutuma barua, mtakubali, basi. Nywila yenu haihifadhiwi kwenye programu. Programu inapewa kibali, na kibali hicho mnaweza kukifuta siku yoyote kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti. Kompyuta ikiibiwa, mnakifuta kutoka kwenye simu. Kwa programu za zamani zisizojua OAuth2 kuna nywila maalumu ya herufi 16 ambayo Google wenyewe wanaitunga, ila lazima muwe mmewasha uthibitisho wa hatua mbili kwanza.

Niwaonyeshe kitu kingine kwa karibu, kwa sababu nimekikuta kwenye ofisi nyingi. Unawasha kompyuta asubuhi, unafungua Thunderbird, linatokea dirisha la onyo: cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha mtandaoni, si halali. Chini yake kuna kitufe cha kukubali hivyohivyo. Mkono wa karani unakwenda kwenye kitufe kile bila hata kusoma, kwa kuwa barua inasubiriwa. Naomba mkono huo tuuzuie. Kwanza tazama kona ya chini kulia ya kioo, kwenye saa. Ukikuta inaonyesha mwaka ambao umeshapita zamani, umepata mchawi: ile betri ndogo bapa iliyoko kwenye ubao mama imekufa, umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe, na cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana kwake kama hakijaanza kutumika. Rekebisha saa, onyo linaondoka. Nunueni betri mpya, bei yake ni ndogo, na fundi yeyote anaibadilisha ukiwa unasubiri.

Saa ikiwa sahihi na onyo bado lipo, soma jina lililo kwenye cheti. Mara nyingi kwa anwani za vikoa vyetu utakuta seva imeandikwa kwa jina la chama, lakini cheti kina jina la kampuni inayowahifadhia tovuti. Pigeni simu kwa kampuni hiyo muulize jina sahihi la seva ya barua, mliandike, onyo litaisha. Kama majina hayafanani na kampuni haina maelezo, msikubali. Mtu anayekaa katikati ya ofisi yenu na seva yenu anasoma kila kitu: namba za akaunti za benki za wanachama, orodha za malipo, kila kitu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na chama kinachoshika majina, namba za simu na akaunti za watu kinabanwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo wekeni nywila kuu ya Thunderbird kwenye mipangilio ya faragha na usalama, na kompyuta yenyewe iwe na nywila ya kuwashia.

Mkimaliza kusanidi, msifunge mashine mkasema tayari. Tumeni barua kwenda anwani ya nje, siyo kwenda kwenu wenyewe. Mwambieni aliyeipokea ajibu. Halafu fungueni kivinjari, mwingie kwenye akaunti hiyohiyo, mwangalie kama barua mliyotuma ipo kwenye folda ya zilizotumwa. Ikiwa ipo, IMAP inafanya kazi sawasawa. Ikiwa haipo, nendeni kwenye mipangilio ya nakala na folda, mwangalie nakala inahifadhiwa wapi. Huenda imeelekezwa kwenye folda za ndani ya kompyuta. Jaribuni na kiambatanisho. Gmail inaweka mwisho wa megabaiti 25 kwa viambatanisho, na faili likiingizwa kwenye barua pepe linavimba kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo faili kubwa linaweza kukataliwa na seva ya anayepokea ijapokuwa kwa macho lina nafasi.

Sasa akiba. Thunderbird inaweka kila kitu chake, barua, anwani na mipangilio, ndani ya folda moja inayoitwa profaili. Kwenye menyu ya msaada, ukurasa wa taarifa za utatuzi, kuna kitufe cha kuifungua. Funga programu, nakili folda hiyo yote kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae kwenye kabati la chuma la chama pamoja na vitabu vya fedha, isikae kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta. Hesabu za mwaka zikishafungwa, tengenezeni folda yenye jina la mwaka chini ya zile folda za ndani, muhamishie barua za mwaka huo, kisha mnakili tena. Hii inasaidia hasa wenye anwani za kikoa, maana nafasi mliyonunua kwenye seva mara nyingi ni ndogo, na sanduku likijaa barua za wanunuzi zinarudishwa bila nyie kujua. Ila mkishazihamisha, nakala iliyobaki ni hiyo ya kwenu tu. Diski mbili, basi, siyo moja.

Nimalizie na lile la laini. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina la chama, na laini hiyo iwekwe vocha ili isifungwe. Nywila iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, iwekwe kwenye sanduku la fedha lenye funguo za watu wawili. Uongozi ukibadilika, siku hiyohiyo ya makabidhiano: nywila inabadilishwa, vibali vya mashine za zamani vinafutwa, akaunti inaondolewa kwenye simu ya anayeondoka akiwa amekaa palepale, na muhtasari wa makabidhiano unaandika kwamba hayo yamefanyika. Anayeondoka naye inamlinda. Kesho pakitokea barua yenye utata hataambiwa ni yeye aliyeituma. Naiomba kila bodi iliyoko hapa iliingize hilo kwenye ajenda ya kikao chake kijacho.

Tuwashe mashine. Waliokuja na anwani za Gmail wakae safu hizi mbili za mbele, nitaanza nao kwa sababu dirisha la Google linahitaji simu ya chama iwe karibu. Wenye anwani za kikoa, safu za nyuma, na kabla hatujaanza mpigie simu kampuni inayowahudumia muulize vitu viwili: jina la seva ya barua na ukubwa wa nafasi mliyonunua. Ambaye kompyuta yake ya ofisini ilishasanidiwa kwa POP3 asifute kitu chochote leo. Aje kwangu kwanza. Barua zile zinaweza kupandishwa kwenye seva folda kwa folda, tukizishughulikia taratibu.